Duka Lisilopandisha Bei

Hapo zamani, ambazo si za kale kiasi hicho kwa kuwa saruji ilikuwa imeshavumbuliwa na wala rushwa pia, palikuwa na nchi iliyoitwa Jamhuri ya Unafuu. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na bendera, wimbo, mito miwili na Wizara ya Utulivu wa Bei, na katika nchi zote za dunia ni hiyo peke yake ambamo bei hazikuwahi kupanda tangu siku ya uhuru. Jambo hilo lilitangazwa redioni kila asubuhi, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya michezo. Mimi sina sababu ya kulitilia shaka, maana redio yenyewe ilikuwa ya Serikali.

Katika nchi hiyo aliishi mjane mmoja aitwaye Semeni, ambaye majirani walimwita Mama Kulwa kwa ajili ya mapacha wake, Kulwa na Doto. Kazi yake ilikuwa kukaanga vitumbua kwenye kibaraza cha nyumba alimopanga chumba. Mchele ulikuwa haujapanda bei, sukari haijapanda bei, mafuta ya kula hayajapanda bei, ila kwa sababu ambazo Serikali ilikuwa bado inazichunguza, vitumbua vya Semeni vilizidi kuwa vidogo. Mwanzoni mteja alishiba viwili. Baadaye akahitaji vitano. Kufikia siku hizi tunazozisimulia kitumbua kilikuwa kama kifungo cha koti, na mzee mmoja mwenye macho mabovu alilipa, akanyoosha mkono, akabaki anauliza kama ameshapewa.

Lakini Semeni alikuwa na kiwanja. Marehemu mumewe alimwachia Mtaa wa Kesho, nje kidogo ya mji, pamoja na msingi na kuta zilizofika usawa wa dirisha. Alichotaka ni kitu kimoja tu hapa duniani: kupandisha kuta zile, kupaua, na kulala na watoto wake mahali ambapo mwenye nyumba hatagonga mlango mwisho wa mwezi na kodi mpya mdomoni. Kila alipopata chochote alinunua, tofali chache mwezi huu, ndoo ya kokoto mwezi ule. Mtaa mzima ulijengwa hivyo hivyo, ndiyo maana ulikuwa mtaa wa kuta za kiunoni, na watu wenye akili walipanda mchicha sebuleni. Jirani yake, Mama Ndimbo, alikuwa amekwisha vuna mahindi chumbani kwake misimu mitatu.

Basi Bunge la Unafuu likaona aibu. Wageni wakipita kwa ndege, walisema waheshimiwa, wanaona kuta zisizo na mapaa, wanadhani nchi ilipigwa mabomu. Ikapitishwa Sheria ya Kuondoa Aibu ya Viwanja. Kiwanja ambacho kufikia Sikukuu ya Uhuru hakina nyumba iliyopauliwa, kitachukuliwa na kupewa mwananchi mwenye uwezo wa kukiendeleza.

Wananchi wenye uwezo hawakuchelewa. Walianza kupita Mtaa wa Kesho kila Jumamosi ndani ya magari ya vioo vyeusi, na wake zao wakashuka kupima madirisha ya watu kwa ajili ya mapazia.

Watu wa mtaa waliandika kuomba muda. Walijibiwa haraka, jambo ambalo peke yake lingewatia wasiwasi: "Mmetoa sababu kwamba bei ya vifaa vya ujenzi imepanda. Bei ya vifaa vya ujenzi haijapanda. Kwa hiyo hamna sababu. Mbaki salama."

*

Semeni alikwenda dukani kwa Bwana Lukindo, muuza saruji, nondo, misumari na majuto. Lukindo aliandika bei ubaoni kwa chaki, na mkono wa kushoto alishika kitambaa cha kufutia, hakukiweka chini hata akiwa anakunywa chai.

"Shikamoo, Mzee Lukindo. Saruji mfuko shilingi ngapi leo?"

"Marahaba, mwanangu. Elfu ishirini na nne."

"Jana ulisema ishirini na tatu."

"Jana ulikuja na watoto, nikakuonea huruma." Akafuta, akaandika. "Elfu ishirini na tano."

"Sasa hii imepanda kwa sababu gani? Nimesimama hapa hapa."

"Kwa sababu umeuliza, Mama Kulwa. Watu wakiuliza sana maana yake bidhaa inatakiwa. Mimi sipandishi, ninyi ndio mnaopandisha. Na unapoendelea kusimama hapo unaniongezea gharama ya kivuli."

Semeni akarudi nyumbani na hasira yake yote, bila kununua hata msumari. Akakoroga unga, akawasha redio. Redio ikasema kama kawaida yake kwamba katika Duka la Kielelezo la Taifa, lililopo Barabara ya Uhuru mjini kati, mfuko wa saruji unaendelea kuuzwa shilingi kumi na mbili, bati moja shilingi ishirini, na sukari kilo senti sitini, sawa na mwaka wa uhuru.

Hapo ndipo Semeni alipofanya kosa ambalo hakuna Mnafuu aliyewahi kulifanya. Katika nchi ile kila mtu, kuanzia mtoto wa chekechea, alijua kwamba redio ni ya kusikilizwa, si ya kufuatwa. Duka la Kielelezo lilikuwepo ili bei ipimwe humo. Kila mwezi maofisa wa takwimu waliingia, wakasoma vibao, wakatoka, wakaandika kwamba mfumuko wa bei ni sifuri. Kununua humo hakuna aliyekukataza, kama vile hakuna anayekukataza kulala makumbusho. Lakini Semeni alikuwa amechoka, na aliyechoka huamini vitu vya ajabu. Alichukua akiba yake yote, akakodi lori la mchanga, akamwambia dereva, "Twende Barabara ya Uhuru."

"Kubeba nini, dada?"

"Saruji."

Dereva alimtazama kwa huruma, kisha akadai alipwe kabla.

*

Duka la Kielelezo lilikuwa jengo zuri lenye feni nane. Mlangoni palikuwa na foleni ya wateja waliovaa vizuri, wote wanene kidogo, na hawa walikuwa watumishi wa umma. Waliitwa Wateja wa Kudumu. Walikuwa na mshahara, likizo na kiinua mgongo, na kazi yao ilikuwa kuingia kwa mlango wa mbele, kununua, kutoka na mzigo wakitabasamu, kuzunguka jengo, na kuurudisha mzigo kwa mlango wa nyuma. Wenye cheo kikubwa walinunua sukari. Wapya walibebeshwa misumari.

Siku hiyo palikuwa na pilikapilika. Waziri wa Utulivu wa Bei, Mheshimiwa Profesa Injinia Balozi Kitwana Mbwembwe, alikuwa anawatembeza wageni wa Mfuko wa Wafadhili, ambao walitaka kuona bei kwa macho yao kabla ya kutoa mkopo. Na kwa bahati mbaya Mteja wa Kudumu Daraja la Kwanza, mwenye dhamana ya saruji, alikuwa amekwenda msibani.

Meneja wa duka, Bwana Pazi, alikuwa anatokwa jasho chini ya feni nane. Alipomwona Semeni anaingia akamdaka mkono.

"Wewe ndiye uliyetumwa?"

"Mimi nimekuja kununua saruji, kaka."

"Hivyo hivyo. Umechelewa. Na hicho kitenge kimefifia, nani amekuruhusu? Haya, si kitu, wageni watapenda. Sema kwa sauti, na usitazame kamera."

Semeni hakuelewa, lakini alishazoea kufokewa madukani, akaona ni utaratibu. Akasogea kwenye kaunta, akasema kwa sauti kwamba anataka saruji.

"Mifuko mingapi?" aliuliza mwuzaji.

"Ipo mingapi?"

"Mia moja."

"Nipe yote. Na mabati yale kumi na mawili."

Wageni wakapiga makofi. Mheshimiwa Mbwembwe akatoa leso, akapangusa jicho ambalo halikuwa na chozi, akawaelezea kwamba huyo ndiye mama wa kawaida wa Unafuu, muuza vitumbua, ambaye huamka asubuhi akajisikia kujenga na akajenga. Alibahatisha tu kwenye vitumbua. Mwuzaji alipopokea pesa alishtuka kidogo, kwa maana Wateja wa Kudumu walilipa kwa karatasi za rangi zilizokatwa ofisini, na hizi zilikuwa pesa kweli, zenye harufu ya mafuta ya kukaangia. Akatazama huku na huku, akazipokea. Kisha akachana risiti. Kitabu cha risiti cha duka kilikuwa na karatasi moja tu, ambayo ilitolewa kila siku asubuhi na kurudishwa jioni ibanwe tena kwa pini. Semeni akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Vibarua wakabeba mzigo hadi kwenye lori. Wateja wa Kudumu wengine walitoka na mizigo yao, wakakata kulia kuelekea nyuma ya jengo. Lori likaenda moja kwa moja. Mlinzi aliliona, akainua mkono, akaushusha. Mwongozo wa kazi yake ulieleza namna ya kumzuia mtu asiyelipa, na aliyetumwa, na mlevi. Mtu aliyenunua na kuondoka na alichonunua hakuwemo kwenye mwongozo.

*

Fundi Chande, mjenzi wa Mtaa wa Kesho, alikuwa mtu wa kunung'unika hata akipewa chakula. Aliposhusha mfuko wa kwanza aliugonga kwa koleo, ukalia kama kengele ya kanisa. Akaugonga wa pili. Akapanda juu ya lori, akaigonga mingi.

"Mama Kulwa, hii umeuziwa na nani?"

"Serikali."

"Basi. Hii saruji iliganda kabla mimi sijatahiriwa. Tazama tarehe. Mwaka wa uhuru. Hili ni jiwe, mama, limevishwa mfuko."

Semeni aliketi chini kwenye mchanga. Hakulia kwa sauti, ila alilia, na alichukia. Alimchukia Lukindo na kitambaa chake, akaichukia redio, akamchukia yule Waziri aliyepangusa jicho kavu, na zaidi ya wote alijichukia mwenyewe kwa kuwa amewaamini watu wazima hali ya kuwa ni mtu mzima mwenzao.

Chande alimwacha alie. Alizunguka lori, akaupima mfuko mmoja kwa shubiri, akaenda akaupima ukuta, akarudi ananung'unika.

"Unene ni ule ule," alisema. "Mfuko na ukuta. Kama jiwe ni jiwe, sisi tunajengea nini kwani, maandazi? Leta udongo, tuikandike hapo hapo."

Wakaipanga mifuko ile mmoja juu ya mwingine, na udongo wa mfinyanzi katikati. Mabati nayo yalikuwa na ajabu yake. Kwa kuwa yalipakwa rangi upya kila Sikukuu ya Uhuru ili yaonekane mapya, rangi ilikuwa nene kuliko bati lenyewe, na mvua ya kwanza iliyoyapiga ilikata tamaa. Nyumba ikasimama: chumba kimoja na kibaraza, kuta za chini za tofali na za juu za mifuko, na kwenye kila mfuko maandishi makubwa mekundu, SARUJI, SH. 12.

Semeni alihamia na watoto. Usiku wa kwanza Doto aliuliza lini mwenye nyumba atakuja kugonga. Semeni akamwambia mwenye nyumba ni mimi, lala. Akafurahi kwa namna ambayo hakuwa amefurahi tangu amzike mumewe, na sioni haya kusema kwamba na mimi ninayesimulia nilifurahi.

*

Wakati huo Wizarani mambo yalikuwa yameharibika. Maofisa wa takwimu walikwenda dukani mwisho wa mwezi, wakakuta vibao viwili havina bidhaa chini yake. Bei isiyo na bidhaa ni kitu gani? Kamati ilikaa siku nyingi, posho zikalipwa. Mjumbe mmoja alipendekeza Semeni afungwe kwa kosa la kusababisha uhaba wa saruji nchini. Mwingine akapendekeza bei ipimwe bila duka, kwa kumbukumbu. Bwana Pazi, meneja, alijitetea kwamba kwa miaka yote ya utumishi wake hakuwahi kupata tatizo la mteja.

Mheshimiwa Mbwembwe ndiye aliyewatoa gizani. Alisimama, akarekebisha shahada zake zote tatu ukutani kwa macho, akasema:

"Waheshimiwa, ninyi mnaona hasara, mimi naona ushahidi. Maadui wetu husema hakuna mwananchi aliyewahi kununua kwa bei ya Serikali. Sasa yupo. Ana nyumba, ana paa, ana risiti. Kama mjane wa vitumbua ameweza, hao wengine wa Mtaa wa Kesho wanashindwa kwa nini? Kwa uvivu. Serikali haiwezi kuwapa muda wavivu."

Makofi yalipigwa, na kikao kile kikalipwa mara mbili.

Kesho yake Waziri alikwenda mwenyewe kwa Semeni, na msafara wa magari kumi na moja uliojaza mtaa ukakanyaga mchicha wa watu. Alizipapasa kuta. Aliagiza mpiga picha apige maandishi. Kisha akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa na kusema kwa upole wa mganga wa meno:

"Mama, Sikukuu ya Uhuru tutakupandisha jukwaani. Hatukuombi useme uongo. Serikali yetu haipendi uongo. Utasema tu: nilinunua saruji Duka la Kielelezo, kwa shilingi kumi na mbili, na hii ndiyo risiti yangu. Je, ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Basi. Katika kazi yangu ni mara chache sana napata mtu ambaye ukweli wake unafaa."

"Na majirani zangu?"

"Majirani zako watajulikana walivyo. Jioni ile ile viwanja vitagawiwa. Wewe utabaki na nyumba yako, na pengine tukakutafutia nafasi ya Mteja wa Kudumu. Ina kiinua mgongo."

"Na nisiposema?"

Waziri alitazama juu kwenye bati. "Nyumba iliyojengwa kwa mifuko, mama, mhandisi wangu anaweza kusema si nyumba."

Msafara ulipoondoka, Semeni alitoka kibarazani akamwona Mama Ndimbo ameinama chumbani kwake, ndani ya zile kuta za kiunoni, anang'oa mchicha. Ulikuwa bado mchanga, majani yake madogo kama kidole.

"Mbona unauwahi hivyo, Mama Ndimbo?"

"Wasije wakaukuta, mwenzangu. Yule mama wa gari jeupe amesema hapa ataweka kochi." Alikung'uta udongo kwenye mizizi. "Nimesikia utasema jukwaani. Usinitazame hivyo. Utasema kweli, na watoto wako wanahitaji pa kulala. Mimi ningekuwa wewe ningesema."

Heri angemtukana. Semeni alirudi ndani, akakaa na maneno yale moyoni kwa siku zote zilizobaki, na vitumbua alivyokaanga siku hizo viliungua upande mmoja.

*

Asubuhi ya Sikukuu ya Uhuru aliamka, akawasha moto wa kukaangia. Makaa yalikuwa mabichi, hayataki kushika. Alifungua pindo la kitenge, akaitoa risiti, akaisoma kwa mara ya mwisho, akaitia chini ya makaa. Ilishika vizuri. Akamaliza kukaanga, akawaogesha watoto, akawapeleka kwa Mama Ndimbo, akaenda uwanjani.

Jukwaani Waziri alihutubia saa nzima. Alieleza kwamba mataifa makubwa yanatuma vijana wao kuja kujifunza hapa jinsi bei inavyokaa kitako. Alieleza kwamba mwenye njaa katika Unafuu ni mtu aliyeamua. Kisha akamshika Semeni mkono kama bibi harusi, akamsogeza kwenye kipaza sauti, redio ikirusha moja kwa moja hadi mpakani.

"Waambie wananchi, mama. Saruji uliipata wapi?"

"Duka la Kielelezo."

"Mnasikia! Na uliipataje?"

"Niliiba."

Waziri akacheka, peke yake.

"Mama anatania," alisema Waziri.

"Sitanii, mheshimiwa. Kwa shilingi kumi na mbili nani ananunua saruji nchi hii? Niliiba mifuko mia moja na mabati kumi na mawili. Kama ningenunua ningekuwa na risiti, na risiti sina. Hata kitabu chao hakina, kaangalieni."

Bwana Pazi, aliyekaa mstari wa nyuma, alizimia. Watu wakaanza kucheka, kwanza wa mbali, halafu wa karibu, halafu hata askari wa gwaride ambao kwa sheria ya nchi hawana meno. Redio ikaweka wimbo wa taifa, ikaurudia. Viwanja havikugawiwa jioni ile, kwani hotuba ya kuwaita watu wavivu ilihitaji mtu mmoja mwenye bidii, na mtu huyo alikuwa ndani ya karandinga la polisi.

*

Mheshimiwa Mbwembwe alitaka jambo moja tu: Semeni afungwe, tena afungwe kwa miaka. Mwendesha mashtaka, kijana hodari aliyeota kuwa jaji, alipewa faili na kuambiwa akishindwa asirudi.

Mahakama ilijaa. Mtaa mzima wa Kesho ulikuja, na waliokosa nafasi walining'inia madirishani. Hakimu alikuwa mama mtu mzima, mkavu, ambaye katika utumishi wake alikosa vyeo vingi kwa tabia yake ya kusoma sheria.

"Mshtakiwa anakiri kosa," alisema. "Sasa tuangalie adhabu. Sheria yetu inasema wizi wa mali isiyofika shilingi elfu tano, mkosaji atakemewa na mtendaji wa mtaa. Ukifika elfu tano na kuzidi, ni kifungo. Mali hii ni ya shilingi ngapi?"

Mwendesha mashtaka akapekua karatasi. "Mifuko mia moja kwa shilingi kumi na mbili, mheshimiwa. Na mabati."

"Hiyo haifiki hata elfu mbili. Mama huyu akakemewe aende nyumbani."

Kijana alimtazama Waziri, aliyekaa mstari wa mbele na miwani ya jua. Akaiona kazi yake inaondoka, na ujaji, na gari.

"Mheshimiwa hakimu, naomba nifafanue. Shilingi kumi na mbili ni bei ya... ni bei ya heshima. Mali aliyoiba mshtakiwa ina thamani kubwa. Kubwa mno. Nina shahidi."

Akaitwa Bwana Lukindo. Aliapa kwa mkono wa kulia, wa kushoto una kitambaa.

"Ieleze mahakama, mfuko wa saruji unauzwa shilingi ngapi?"

"Sasa hivi au nilipoingia mlangoni?"

"Sasa hivi."

"Elfu ishirini na saba."

"Kwa mifuko mia moja?"

"Milioni mbili na laki saba. Lakini hiyo ni ya leo, kesho siahidi."

Waziri alivua miwani. Alimkonyeza mwendesha mashtaka, akakohoa, akatikisa kichwa, lakini kijana alikuwa ameshanogewa, anamwona mwanamke yule yuko jela. Akaeleza kwamba tangu uhuru bei ya saruji imepanda zaidi ya mara elfu mbili, akataja na mabati, akataja misumari, akafika hadi kwenye sukari ambayo haikuibwa. Alisema kwa uchungu mkubwa kwamba mwananchi wa kawaida hawezi tena kujenga hata banda la kuku, na kwamba ndiyo sababu wizi wa mshtakiwa ni wa kikatili. Hakimu aliandika yote. Katika Unafuu Waziri alikuwa na uwezo wa kumkanusha mtu yeyote, hata aliyemtuma mwenyewe, lakini kilichokwisha ingia kwenye hukumu hakukuwa na redio wala kamati ya kukitoa. Dirishani Fundi Chande, aliyeikumbuka ile barua ya "hamna sababu", alikuwa ameacha kunung'unika.

Hakimu alisoma hukumu bila kuinua kichwa. Alisema mahakama imeridhika, kwa ushahidi wa Serikali yenyewe, kwamba bei ya mfuko wa saruji katika Jamhuri ya Unafuu imepanda kutoka shilingi kumi na mbili hadi elfu ishirini na saba. Kwa hiyo wizi ni mkubwa, na mshtakiwa atakwenda jela miaka mitatu. Waziri alikuwa amekwisha toka nje kutafuta simu.

Semeni alisikia ile miaka mitatu, akageuka. Alimtafuta Kulwa, akamtafuta Doto, akawaona wako mapajani mwa Mama Ndimbo, na Mama Ndimbo analia bila kujificha.

"Mshtakiwa," alisema hakimu, "una neno la kusema kabla hujapelekwa?"

"Lipo moja, mheshimiwa. Hao waliosimama nje sidhani kama wamesikia vizuri. Naomba karani aisome tena ile bei."

Hakimu aliweka kalamu chini. Kisha akamwambia karani asimame na asome kwa sauti, na mtu mmoja wa madirishani akamfungulia kioo ili sauti ifike nje.